Cha Juu

Kitale, broka akiulizia shamba, haulizi linauzwa pesa ngapi. Anauliza, "Mwenyewe anataka ngapi?" Swali ni fupi lakini lina bei mbili ndani yake. Kuna bei ya mwenyewe, ile anayoitaja anayeuza, na kuna bei ya mnunuzi, ile atakayoambiwa mtu wa mwisho. Kilicho katikati kinaitwa cha juu. Mji mzima unalijua neno hilo, kuanzia kwa wauza viazi hadi kwa wauza malori. Kwa debe la viazi, cha juu ni shilingi 50. Kwa ardhi, cha juu kinaweza kuwa shamba lingine kabisa.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa mjini. Kompyuta mbili, printa moja yenye kelele, benchi la wateja, na kalenda ya duka la mbegu. Sheria ya mikataba ya Kenya inataka uuzaji wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Mwenye pesa huenda kwa wakili. Wengine huja kwangu na maneno yao kwenye karatasi ya daftari, mimi nayachapa, wanalipa 300. Mimi si wakili, na hilo nimeliandika kwa herufi kubwa ukutani. Lakini miaka kumi na moja mbele ya karatasi za watu inakufundisha mambo. Siku hizi naweza kumtambua muuzaji mwenye haraka kabla hajakaa kwenye benchi. Hasomi. Anauliza tu aweke sahihi wapi, na macho yake yako kwenye simu, anangoja ujumbe wa M-Pesa.

Mabroka nao wamejifunza kumtambua, na wanamtambua mapema kuliko mimi. Januari ni mwezi wao, kwa sababu mtoto ameitwa sekondari na mahindi ya mwaka jana yameshauzwa kwa bei ya wakati wa mavuno. Machi ni wao pia, mvua inapokaribia na mbolea haijanunuliwa. Wanasoma kurasa za minada gazetini. Wanahudhuria mazishi, na upande wa Bungoma wanangoja siku ya kunyoa, pale madeni ya marehemu yanapotajwa mbele ya watu. Wana vijana wa boda boda ambao wakimbeba mgonjwa usiku wanapiga simu asubuhi. Kijana akileta habari na shamba likiuzika, anapata kitu. Nimeshasikia broka akimwambia mwenzake kwa simu, pale pale dukani kwangu, "Hiyo ni ya shida, usiongeze bei." Shamba la shida. Udongo haukuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa ya mwenyewe, lakini kwenye lugha ya biashara imehamia kwenye shamba.

Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Broka anakubaliana na mwenyewe, tuseme kwa elfu 650 kwa ekari. Hana elfu 650. Ana elfu 65, ambayo anaiita ya kufunga, yaani ya kumfunga mwenyewe asiuze kwa mwingine. Wanaandikiana mkataba wa siku 90. Mwenyewe anatoa kopi ya hati, kopi ya kitambulisho, nambari ya KRA na picha za pasipoti, na anatia sahihi fomu ya kuhamisha umiliki ambayo nafasi ya jina la mnunuzi imeachwa wazi. Sasa broka ana siku 90 za kutafuta mtu wa kujaza nafasi hiyo. Akimpata, mnunuzi analipa, mwenyewe anamaliziwa chake, na cha juu kinabaki mfukoni. Ushuru wa stempu, asilimia 2 mashambani na asilimia 4 kwenye manispaa, unalipwa mara moja tu, na mnunuzi wa mwisho. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, inamtafuta yule ambaye jina lake liko kwenye hati. Kwenye kitabu cha serikali, broka hakuwahi kuwepo.

Kuna kijana mmoja broka ambaye hukaa kwenye benchi langu umeme ukipotea kwao, anaangalia mafunzo kwenye YouTube. Wamarekani wenye meno meupe wanafundisha namna ya kumtafuta muuzaji aliyebanwa, kumfunga kwa mkataba, kisha kumuuzia mtu mwingine mkataba huo kabla ya kulipa. Aliniambia kwa fahari kwamba huko kazi hii ina jina na walimu wanalipwa maelfu ya dola. Ni kweli. Ila huko pia imeanza kuwekewa mipaka. Jimbo la Illinois lilibadilisha sheria yake mwaka 2019, anayefanya hivi zaidi ya mara moja kwa miezi 12 awe na leseni. Oklahoma ikapitisha sheria yake mwaka 2021. Sisi tulikuwa na sheria kabla yao. Sheria ya Mawakala wa Mali Isiyohamishika ni ya mwaka 1984, na inakataza mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya uwakala wa ardhi na nyumba. Nilipomwambia hivyo alicheka. "Sasa hapa Kitale nani amesajiliwa?"

Mwaka juzi alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kiminini. Mjane, ekari nne, hati kwa jina lake mwenyewe, mirathi ilishamalizika. Alikuwa amemdhamini shemeji yake kwenye mkopo, shemeji akaenda Nairobi na simu yake ikaenda naye. Deni lilikuwa limefika elfu 600 na kitu, na barua ya madalali wa mnada ilishaletwa. Akaamua kutoa ekari moja aokoe tatu. Uamuzi mzuri, mimi nadhani. Alikuja na broka ambaye wenzake humwita Mheshimiwa kwa sababu ya koti lake. Nilichapa: ekari moja, shilingi 650,000. Akasomewa, akakubali, akaweka sahihi. Alilipwa yote ndani ya wiki saba, bila kuzungushwa. Deni likaisha. Aliniletea ndizi.

Miezi mitatu baadaye alirudi, akaomba kopi ya mkataba. Nikamtolea. Alisimama pale pale kaunta akifuata mistari kwa kidole hadi akafika kwenye bei.

"Hapa pameandikwa ngapi, mama?"

"Elfu mia sita na hamsini."

"Hivyo ndivyo ninavyojua." Akanyamaza. Halafu akanieleza. Mnunuzi, kijana anayefanya kazi Nairobi, alikuwa amekuja kuweka ua. Kijana mwenye heshima zake. Alimsalimia vizuri, akamletea sukari na mkate, na wakiwa wanakunywa chai akamwambia kwa utani, "Lakini mama ulinikamua. Milioni moja na hamsini, na hukutaka kushuka hata kidogo."

Mama hakumjibu. Alisema aliona aibu, kama kwamba yeye ndiye aliyedanganya. Alimaliza kumwagia chai, akatembea hadi barabarani, akapanda matatu hadi kwangu kuangalia kama nambari iliyoandikwa ni ile aliyoambiwa. Ilikuwa ile ile.

"Hizo zingine ziko wapi?" akaniuliza.

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Zilizobaki ni elfu 400. Kwa bei aliyolipa kijana, mama angehitaji kuuza pointi sita na kidogo za ekari apate elfu 650 zake. Pointi nne hivi zilikwenda bure. Hizo ni ploti tatu za hamsini kwa mia. Hakuibiwa kwa maana ambayo polisi wangeiandika. Karatasi zote zilikuwa sawa, bodi ilikaa, hati ilitoka. Ardhi iliondoka bila mtu yeyote kuigusa.

Nilimuuliza Mheshimiwa. Si kwa ukali, maana ni mteja, na pia ni mtu ambaye hukopesha watu nauli. Alijibu bila kona. "Sikiliza, dada. Benki ilimkataa. Ndugu zake walizima simu. Jirani yake, huyo wa kanisa, alimwambia atampa mia nne kwa ekari, nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao. Mimi nilikuja na pesa. Nilitembeza watu kumi na wawili kwenye hilo shamba, mafuta yangu, wengine wanakuja kupiga picha tu na kwenda. Kama ningekosa mnunuzi ndani ya siku 90, elfu 65 yangu ingekwenda. Yeye alitaka kuokoa shamba, ameokoa. Sasa ubaya wangu uko wapi?"

Ni hoja, na anayedhani si hoja hajawahi kuhitaji pesa kufikia Ijumaa. Bila watu kama yeye, wauzaji wengi wa huku wangebaki na jirani wa mia nne. Kumtafuta mnunuzi ni kazi, kubeba hatari ni kazi, na kazi ina malipo. Kama angemwambia mama, "Nitakuuzia, na nikikupatia zaidi ya elfu 650, tutagawana," ama hata, "mimi nachukua laki moja," mama angekubali na leo angemsifu kanisani. Tatizo langu si ukubwa wa cha juu peke yake. Ni kwamba kinaweza kuwa kikubwa kiasi hicho kwa sababu kimefichwa. Kwa mama, Mheshimiwa alikuwa msaidizi wake wa kutafuta mnunuzi. Kwa kijana wa Nairobi, alikuwa msemaji wa mama, mama asiyetaka kushuka bei. Alikaa katikati ya watu wawili na kila mmoja alidhani ni wake.

Ajabu ni kwamba ukibanwa na benki, sheria inakulinda zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki imwandikie mdaiwa na kumpa siku 90 za kurekebisha. Akishindwa, inampa notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Halafu kanuni za madalali wa mnada zinampa siku 45 za kukomboa mali yake. Jumlisha, ni karibu miezi sita. Na kabla ya kuuza, mali lazima ithaminiwe, na benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiuza chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba imekiuka wajibu huo hadi yenyewe ithibitishe vinginevyo. Mama wa Kiminini aliuza chini ya bei ya pili kwa asilimia 38. Angeliacha shamba likafika mnadani, angekuwa na jambo la kumwambia jaji. Kwa kuuza mwenyewe, kwa hiari yake, ndani ya alasiri moja, hakuwa na lolote.

Sisemi watu wangoje mnada. Nasema sheria ile inajua jambo moja kuhusu haraka: kwamba bei inayotajwa na mtu aliyebanwa si ya kuaminiwa, kwa hiyo mpe siku, na mlete mthamini. Na ukitazama historia ya huku kwetu, utaona wazo hilo si geni.

Muuzaji mwenye haraka kubwa kuliko wote waliowahi kupita Kitale alikuwa mlowezi. Reli ilifika hapa mwaka 1926, na ardhi ya Trans Nzoia ikawa sehemu ya zile nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, mashamba ya mahindi na ng'ombe yenye mamia ya ekari. Kisha ukaja mwaka 1960, mazungumzo ya katiba kule Lancaster House, na walowezi wakaelewa kwamba uhuru unakuja na wao hawataukwepa. Bei zikaanguka. Huo ndio wakati ambao broka wa leo angeomba Mungu auone: maelfu ya ekari, wenyewe wanataka kuondoka, hakuna anayenunua. Lakini mashamba hayo hayakwenda kwa bei ya shida. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, uliyanunua kwa pesa za serikali ya Uingereza na mikopo mingine, na bei ilikadiriwa kwa viwango vya mwaka 1959, yaani kabla ya hofu. Saa ilirudishwa nyuma kwa ajili yao. Aliyelipa ni mkulima mdogo aliyepewa ploti kule Ndalu, Tongaren ama Naitiri, pamoja na deni la Mfuko wa Makazi. Kuna familia ambazo zilikawia miongo kupata hati zao kwa sababu deni hilo halikuwa limekwisha.

Kwa hiyo ukiniambia soko ni soko, na mwenye haraka siku zote hupata kidogo, nitakuuliza haraka ya nani. Kuna watu ambao haraka yao ilitolewa kwenye hesabu kabla bei haijatajwa. Mjukuu wa mkulima wa Tongaren akiuza leo kwa sababu ya bili ya hospitali, hakuna anayemkadiria kwa bei ya kabla ya ugonjwa.

Upande wa Bungoma, nyumbani kwetu, haraka ina sura nyingine. Kitale ardhi nyingi ni ya kununua ama ya mgao wa makazi. Ukishuka kupitia Kamukuywa na Kimilili hadi Chwele, unaingia kwenye ardhi ya kurithi, na hati nyingi bado ziko kwa jina la babu aliyezikwa zamani. Wana wanalima, wajukuu wanajenga, mpaka ni mti wa lusiola, na babu ndiye mwenye shamba kwenye rejista. Shamba ni zima, karatasi ndiyo mgonjwa. Broka anapenda karatasi mgonjwa, kwa sababu anaitumia kushusha bei. "Hii haina hati, mzee, mimi ndiye nitahangaika na sakseshen."

Sheria ya urithi iko wazi hapa. Mali ya marehemu haiuziki kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi, na uthibitisho wa kawaida huja miezi sita baada ya hati hiyo kutolewa. Anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ametenda kosa. Lakini mikataba ya aina hiyo naletewa kila wiki. Yenyewe inasema anayeuza "atahamisha sehemu yake atakapoipata".

Ndivyo ulivyosema ule wa khocha wangu.

Khocha ni kaka ya mama yangu, mtu wa zaidi ya miaka sitini, shamba lao la ekari mbili liko karibu na lami ndani ya Chwele. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Alikuja dukani bila kupiga simu, akiwa amevaa viatu vya kanisani siku ya Jumanne, nikajua kuna jambo. Alitoa karatasi mfukoni. Ekari moja, shilingi 500,000. Elfu 280 zingelipwa Ijumaa, elfu 220 zingengoja sakseshen.

"Nichapie, mama. Huyu mtu ako na pesa mkononi."

"Khocha, jirani yenu aliuza ngapi mwaka jana?"

"Mia tisa. Lakini yeye alikuwa na hati."

"Na elfu 280 ni za nini?"

Anti alikuwa amefanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Eldoret. Alishapona, alishaandikiwa kwenda nyumbani, lakini bili ilikuwa 280,000 na hakuna aliyekuwa tayari kumfungulia mlango. Kila usiku anaolala pale, bili inakua. Broka alijua hiyo nambari. Ndiyo sababu elfu 280 haikuwa elfu 250 wala 300.

Nilimpa khocha kiti cha ndani na chai, nikamuuliza swali ambalo sasa namuuliza kila mtu anayekaa kwenye benchi langu, hata kama hajaniomba: unataka kuuza shamba, ama unataka pesa kufikia Ijumaa? Alikasirika kidogo. "Si ni kitu kimoja?" Tukachukua karatasi nyingine.

Ng'ombe wa maziwa, elfu 70. Hilo lilimuuma, kwa sababu wajukuu wanakunywa maziwa hayo. Kundi la WhatsApp la familia, ambalo kwa kawaida hutumiana maombi na picha za asubuhi, lilitoa elfu 62 kwa siku mbili baada ya binamu mmoja kutaja jina la kila aliyesoma ujumbe na kunyamaza. Ekari zote mbili zikakodishwa kwa jirani kwa miaka mitatu, elfu 12 kwa ekari kwa mwaka, zilizolipwa pamoja: elfu 72. Ndugu zake wawili walikubali, mbele ya naibu wa chifu, na wakaandikiana. Ikabaki elfu 76. Binamu yangu, ambaye ni mwalimu, alikwenda Eldoret na karatasi ya mshahara wake, akakaa nje ya ofisi ya mhasibu tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, akakubaliwa kuwa mdhamini: 7,600 kila mwezi kwa miezi kumi. Anti alitoka Alhamisi.

Sitaki kulipamba. Kwa miaka mitatu khocha ananunua unga huku mahindi ya mtu mwingine yakisimama mlangoni kwake. Kuna asubuhi aliniambia, "Mama, nimekuwa mgeni kwa shamba la baba." Binamu alisukuma mipango yake ya kujenga mwaka mzima mbele. Na njia hii ilihitaji vitu ambavyo si kila mtu anavyo: ndugu wanaoongea, mwalimu mwenye mshahara, ng'ombe. Mama wa Kiminini hakuwa na hivyo vyote. Deni lake lilikuwa mara mbili, na aliyemwingiza ndiye ndugu mwenyewe. Yeye kuuza kulikuwa lazima. Alichokosa ni mtu wa kumwambia bei ya pili kabla hajaweka sahihi.

Kwa hiyo nimeanza na hilo. Mtu akija kuandikiwa mkataba, namuuliza kama amejua majirani waliuza ngapi mwaka huu. Namuuliza kama mume ama mke wake anajua, kwa sababu Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya wote wawili kwa mali ya ndoa. Nikiona fomu yenye nafasi ya jina iliyoachwa wazi, namwambia kwa sauti ya kusikika kwamba nafasi hiyo iko wazi, na kwamba yeyote anaweza kuandikwa pale kwa bei yoyote. Namkumbusha kwamba kwa ardhi ya kilimo, bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi sita, mkataba huo unakufa, na pesa zilizolipwa zinadaika kama deni. Watu hulalamika kwamba bodi inachelewesha. Inakaa mara moja kwa mwezi, na wenye haraka hulipa ada iitishwe bodi spesho. Lakini bodi ndiyo mahali pekee pale muuzaji anapotazamwa usoni na watu wasiotafuta cha juu, na kuulizwa, "Watoto wanajua?" Nimeona mauzo yakifia kwenye swali hilo.

Mheshimiwa anasema namharibia kazi. Amehamisha baadhi ya mikataba yake kwa duka la ng'ambo ya barabara, ambalo halina maswali. Wengine bado huja kwangu, na mmoja wao, yule kijana wa YouTube, ameanza kuandika mistari miwili ambayo sikuwahi kuiona hapo awali: bei ya mwenyewe, na chini yake, malipo ya wakala. Anasema wauzaji humletea wauzaji wengine kwa sababu ya huo mstari wa pili. Sijui kama ataendelea mambo yakiwa magumu Januari.

Khocha naye ameanza sakseshen. Cheti cha kifo cha babu kilichukua miezi minne kupatikana, barua ya chifu wiki moja, orodha ya warithi mabishano ya Jumapili tatu, kwa sababu kuna binti aliyeolewa Uganda ambaye wengine walitaka kumsahau na khocha akakataa. Yule broka bado humpigia. Mara ya mwisho nilikuwepo, simu ikiwa kwa spika, tukichambua maharagwe.

"Mzee, shamba mlifikia wapi? Naweza fika mia sita sasa."

Khocha alitazama mahindi ya jirani, akakadiria kitu kichwani, akamwambia apige tena baada ya mavuno mawili.